CHOKAA KATIKA MABWAWA YA SAMAKI: IPI YAFAA, NA KWA KIPIMO GANI



Katika toleo lililopita tuliandika mistari minne tu ya kuwashauri wenye mabwawa ya samaki watie chokaa katika mabwawa yao. Maneno yale yalikuwa ya kweli, lakini hayakutimia. Hatukusema chokaa ipi, wala kiasi gani, wala wakati gani. Mwanachama wetu mmoja, mtu mwenye bidii, aliyasoma, akaenda dukani akanunua mfuko wa chokaa ya kujengea, akaumwaga wote ndani ya bwawa lake asubuhi, na perege wake wamo ndani. Kufika adhuhuri samaki walikuwa wakielea, matumbo juu.

Alipokuja ofisini hakuja kwa hasira. Alikuja na gazeti letu mkononi, akaweka kidole juu ya ile mistari minne, akatuuliza: "Hapa mimi nimekosea wapi?" Hakukosea yeye, tulikosea sisi. Basi leo twataka kulieleza jambo hili tangu mwanzo wake, ili asiwepo mwingine wa kupata hasara kwa ajili ya ufupi wa maneno yetu.

MAJI YETU NI MATAMU, LAKINI NI MASKINI

Wengi wetu tumechimba mabwawa katika mabonde yaliyo chini ya mikarafuu. Sababu zajulikana. Karafuu haizai sawasawa kila mwaka; mwaka wa neema hufuatwa na mwaka wa uhaba, na watoto hawawezi kuambiwa wangoje mpaka mikarafuu ipumzike. Tena upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu, mashua nyingi hazitoki, na samaki huadimika sokoni. Bwawa dogo la perege au kambare ni akiba nzuri kwa siku kama hizo.

Lakini yafaa tujue maji tuliyo nayo. Mkarafuu hupenda udongo wenye kina na mahali penye mvua nyingi, kama vilima vya Mkoani, Chake Chake na Wete. Mvua hiyo hiyo inayoulea mkarafuu imeuosha udongo wetu kwa maelfu ya miaka, ikayachukua madini yanayoyeyuka na kuyapeleka baharini. Kwa hiyo maji ya vijito vyetu vya bondeni ni matamu na safi, lakini aghalabu hayana madini ya kutosha. Na maji ya mvua yenyewe, yakishuka kutoka mbinguni, hayana madini takriban yoyote.

Sasa nenda upande wa Micheweni na pwani ya mashariki, kwenye nchi ya mawe. Mawe yale ni matumbawe ya zamani, nayo ni chokaa. Maji ya kisima cha huko hupita ndani ya mawe hayo na hutoka yamebeba chokaa iliyoyeyuka, ijapokuwa kwa macho huioni.

Kina mama wanaijua tofauti hii kuliko sisi. Watakwambia kuwa kisima cha maweni hula sabuni: unasugua na kusugua, povu halitoki. Lakini kwa maji ya kijito cha bondeni, kipande kidogo cha sabuni hutoa povu jingi. Tena tazama ndani ya birika la chai la nyumba ya maweni: lina ukoko mweupe. Ukoko ule ndio chokaa ambayo samaki wetu wa bondeni wanaikosa. Maji yanayotupendeza kwa kufua na kunywa siyo lazima yampendeze samaki.

SAMAKI AITAKIA NINI CHOKAA?

Sisi wanadamu hupata madini yetu kwa chakula na kinywaji. Samaki ana mlango mwingine: ni yale matamvua mekundu yaliyo ndani ya mashavu yake. Kwa matamvua hayo huvuta hewa, na kwa hayo hayo huvuta madini kutoka majini.

Ili kulifahamu jambo hili, mkumbuke ng'onda. Ukimroweka ng'onda katika maji matamu usiku kucha, asubuhi utamkuta amefura kwa maji, na chumvi yake imetoka. Samaki aliye hai katika maji matamu yumo katika hali kama hiyo usiku na mchana. Damu yake ina chumvi zaidi kuliko maji yanayomzunguka. Basi maji hujipenyeza kuingia, na chumvi hujipenyeza kutoka. Asipofanya kazi hufa. Kazi yake ni kukojoa maji mengi yaliyo mepesi, na kuivuta tena chumvi kwa matamvua yake, hata kama majini imo kidogo mno. Mtaalamu mmoja wa Denmark, August Krogh, aliyepata zawadi ya Nobel mwaka 1920, ni katika watu waliolichunguza sana jambo hili katika miaka ya 1930.

Sasa, madini yaitwayo kalsiamu, ambayo ndiyo kiini cha chokaa, hukaza matamvua yasivuje mno. Ni kama kalafati katika mbao za mashua. Mashua yenye kalafati nzuri huingiza maji kidogo, na baharia hupata nafasi ya kushika usukani. Mashua iliyokosa kalafati humfanya baharia ashinde akiteka maji na kuyamwaga nje. Vivyo hivyo samaki katika maji yasiyo na kalsiamu: chakula unachomtupia kinakwisha katika kazi ya kuokoa roho yake, wala hakiendi katika mnofu.

Tena kuna mifupa na magamba. Hivyo hujengwa kwa kalsiamu na fosforasi. Kalsiamu samaki aweza kuivuta kwa wingi kutoka majini. Fosforasi hana budi kuipata katika chakula, kwa kuwa majini imo kidogo sana. Ndiyo sababu chakula cha pumba tupu hakitoshi, na unga wa dagaa husaidia. Wahitaji zaidi ni mayai na vifaranga. Wanachama wanaotaka kuatamisha mayai ya kambare wao wenyewe wajue kuwa maji yasiyo na kalsiamu huweza kuwatoa vifaranga dhaifu, hata kama kila kitu kingine kimefanywa sawasawa.

CHOKAA HUTULIZA MAJI

Faida ya pili ya chokaa si kwa mwili wa samaki, bali kwa maji yenyewe. Wataalamu hupima ukali wa maji kwa kipimo kiitwacho pH. Namba 7 ni katikati. Chini ya 7 ni upande wa asidi, yaani wa ndimu; juu ya 7 ni upande wa magadi. Samaki wetu hustawi kati ya 6.5 na 9.

Usiku, samaki na mimea yote ya bwawani hupumua na kutoa hewa ya kaboni, na hewa hiyo huvuta maji upande wa ndimu. Mchana, ile mimea midogo ya kijani huila hewa hiyo kwa msaada wa jua, na maji huvutwa upande wa magadi. Katika bwawa lenye chokaa ya kutosha, mvutano huu ni mdogo. Katika bwawa lisilo na chokaa, maji yaweza kuwa 6 wakati wa alfajiri, na alasiri yakawa 9 au 10. Samaki hatulii katika maji ya namna hiyo. Mbaya zaidi ni kwamba sumu ya amonia inayotokana na kinyesi chake huzidi ukali kila maji yanapokwenda upande wa magadi.

Tena wako wanachama waliotulalamikia kuwa wametia samadi wiki baada ya wiki na maji hayageuki kijani. Yamkini sababu ni hii hii. Tope lenye asidi huishika fosforasi ya samadi isiachie, na mimea midogo hukosa chakula. Tia chokaa kwanza, na samadi ile ile itafanya kazi.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Alabama, kusini mwa Marekani, ambako udongo pia umeoshwa na mvua, mtaalamu Claude Boyd wa Chuo Kikuu cha Auburn amelichunguza kwa miaka mingi, na kutia chokaa mabwawani ni kazi ya kawaida ya wafugaji wa huko.

CHOKAA SI MOJA

Hapa ndipo tulipokosea, basi tuseme polepole.

Ya kwanza ni jiwe la chokaa lililosagwa, bila ya kuchomwa. Hii ndiyo chokaa ya bwawa. Huyeyuka kidogo kidogo, na haiwezi kuyapeleka maji mbali: hata ukizidisha, pH hukaa karibu na 8. Samaki wakiwamo, hawadhuriki.

Ya pili ni chokaa ya moto, yaani ile itokayo tanurini haijatiwa maji. Moto wa tanuri umetoa hewa ya kaboni iliyokuwa katika jiwe, ukaliacha kali mno. Ikigusa maji huchemka. Kilo 56 za chokaa hii, ikiwa safi, zina nguvu sawa na kilo 100 za jiwe lililosagwa.

Ya tatu ni chokaa iliyozimwa kwa maji, ambayo ndiyo ya kujengea na kupakia kuta. Watu huidhani pole kwa kuwa haichemki tena. Siyo pole. Ikimwagwa kwa wingi katika maji yetu yasiyo na nguvu ya kuizuia, pH hupanda kupita 11 kwa muda mfupi, na matamvua ya samaki huungua. Hili ndilo lililompata ndugu yetu.

Ya nne ni jasi. Hiyo huongeza kalsiamu katika maji, lakini haiondoi asidi. Hufaa pale ambapo maji hayana ukali wa ndimu ila yamekosa kalsiamu tu. Kwa mabonde yetu, jiwe lililosagwa hufanya kazi zote mbili.

Chokaa ya pili na ya tatu zina mahali pake, napo ni katika bwawa tupu, lisilo na samaki, unapotaka kuua wadudu na samaki wa mwituni waliobaki katika vidimbwi vya tope. Kilo 10 mpaka 15 kwa bwawa la mita 10 kwa 10 hutosha. Kisha ujaze maji, ungoje wiki mbili, upime pH, na ikiwa imeshuka chini ya 9 ndipo utie vifaranga.

Mwenye kuzishika chokaa hizo ajihadhari. Afunge kitambaa puani na mdomoni, avae miwani na viatu, asimame upande unaotoka upepo, na asiwaache watoto karibu. Ikiingia machoni, osha mara moja kwa maji mengi safi bila ya kuacha, kisha nenda hospitali. Jicho likiunguzwa na chokaa laweza kupofuka.

Jiwe la kusaga tulipate wapi? Vumbi la machimbo ya mawe ya nchi kavu lafaa, maadamu ni laini kama unga. Chembe kubwa hukaa chini miaka bila ya kuyeyuka. Makombe ya chaza na kome yaliyotwangwa na kuchekechwa yafaa pia. Lakini tusiende kuvunja matumbawe yaliyo hai baharini, kwa kuwa hayo ni nyumba za samaki wa wenzetu wavuvi. Kama una shaka na unga ulio nao, ukamulie ndimu: ukitoa vipovu, chokaa imo.

Majivu ya jikoni je? Yana chokaa na potasi, lakini nguvu yake haijulikani, kwani kila kuni ina majivu yake, na ukizidisha huyapeleka maji upande wa magadi kwa ghafula. Hatuyashauri katika bwawa lenye samaki.

KIPIMO

Tuchukue bwawa la mita 10 kwa 10, lenye kina cha mita 1. Lina lita 100,000 za maji.

Wataalamu husema maji ya bwawa yasiwe na chokaa iliyoyeyuka chini ya miligramu 20 kwa lita, na bora yapite 50. Ukipiga hesabu ya maji peke yake, kupandisha miligramu 20 katika lita 100,000 ni kilo 2 tu. Mbona basi twasema kilo 20? Kwa sababu tope la chini lina asidi, nalo hula chokaa kwanza kabla ya maji kupata fungu lake. Anayetia kilo 2 anashibisha tope, na maji yanabaki vile vile.

Basi utaratibu ni huu. Kausha bwawa. Ondoa tope jeusi lililozidi. Nyunyiza unga wa jiwe, kilo 10 mpaka 20, sawasawa chini na katika kuta za bwawa. Jaza maji. Baada ya wiki mbili ndipo utie samadi au mbolea. Usivichanganye siku moja, kwani chokaa mpya huikamata fosforasi ya mbolea ikawa hasara juu ya hasara. Baada ya mwezi pima maji, na kama bado yako chini ya 20, ongeza kiasi kile kile. Tope kali sana laweza kutaka hata kilo 40, lakini usizitie kwa kubahatisha; fuata kipimo.

Kama samaki wamo tayari, tumia unga wa jiwe tu, unyunyize juu ya maji kwa mafungu, siku baada ya siku.

Na jambo moja watu wengi hulisahau: bwawa ambalo kijito hupita ndani yake mchana na usiku halina faida ya kutiwa chokaa, kwa kuwa yote huenda na maji. Pitisha kijito kando, uingize maji ya kufidia yaliyopungua tu, na uchimbe mfereji wa kuyazuia maji ya mvua ya masika yasiingie bwawani.

CHUMVI, NA MSAADA WA BAHARI

Mahali penye samaki wengi na chakula kingi huzuka sumu nyingine iitwayo naitraiti. Hiyo huingia katika damu kwa matamvua, ikaigeuza damu kuwa ya kahawia isiyoweza kubeba hewa. Utamwona samaki anahema juu ya maji kama aliyekosa hewa, ilhali hewa imo. Mpasue mmoja utazame damu yake.

Kinga yake ni chumvi ya kawaida. Kloridi iliyo katika chumvi hupita mlango ule ule wa naitraiti, na ikiwa nyingi, naitraiti hukosa nafasi. Yatakiwa kloridi iwe si chini ya mara 10 ya naitraiti. Katika bwawa letu la lita 100,000, kilo 10 za chumvi hutoa kloridi ya kiasi cha miligramu 60 kwa lita, na hiyo ni kinga nzuri kwa bwawa la kawaida.

Sisi watu wa visiwani tunayo chumvi ya bure. Lita moja ya maji ya bahari ina kloridi ya kiasi cha gramu 19. Basi mapipa mawili ya lita 200 ya maji safi ya bahari hufanya kazi zaidi ya hizo kilo 10, na samaki hawatasikia hata ladha yake. Lakini asidhani mtu kuwa bahari itamwondolea haja ya chokaa. Mapipa hayo mawili huongeza kalsiamu ya miligramu 1.6 tu kwa lita. Tena usirudie mara kwa mara kama maji ya bwawa lako hutoka kwenda katika mpunga wa jirani. Chumvi haipotei; hukusanyika.

BIRIKA LA SARUJI, NA VIFARANGA WAGENI

Wenye mabirika mapya ya saruji wana shida kinyume cha hii. Saruji mpya hutoa chokaa kali na kuyapeleka maji upande wa magadi. Lijaze birika, liache siku kadhaa, limwage, ulijaze tena, mpaka pH itulie chini ya 9. Ndipo utie samaki.

Na mwenye kununua vifaranga waliolelewa katika maji ya maweni asiwamwage ghafula katika maji ya bondeni. Uache mfuko wao uelee bwawani kiasi cha robo saa, kisha uongeze maji ya bwawa humo kidogo kidogo kwa muda wa nusu saa au zaidi, mpaka wazoee. Vifaranga wengi wanaokufa siku ya pili au ya tatu huuliwa na mabadiliko haya ya ghafula, na mwenye kuuza hulaumiwa bure.

NENO LA MWISHO

Halmashauri imekubali kuwa ndugu yetu aliyepata hasara anunuliwe vifaranga wengine kwa fedha za chama, na sisi tutakwenda kwake tulitayarishe bwawa pamoja naye, hatua kwa hatua kama tulivyoeleza hapa. Maji yake yamekwisha kuanza kutulia.

Nanyi wengine, kabla ya kutia chochote, pimeni. Chotweni maji ya bwawa kwa chupa safi, muifunike, muilete ofisini siku hiyo hiyo. Tunavyo vitone vya kupimia, na jibu hupatikana kwa muda wa dakika chache. Asiyeweza kufika kwa haraka aanze na sabuni: maji yakitoa povu jingi, ajue kuwa samaki wake huenda wana njaa ya chokaa. Na mwenye swali aulize, kwani kuuliza si ujinga. Laiti mistari yetu minne ingalikuwa mirefu, ndugu yetu asingalikuwa na haja ya kuuliza baada ya hasara.

Wenu katika kazi,

Katibu wa Chama